Kitabu Kilichokosa Meli

Jumatatu, tarehe 14 Mei 2007, Posta ya Marekani ilianza kutoza viwango vipya vya barua na vifurushi vya kwenda ng'ambo. Barua nyepesi, isiyozidi gramu 28, ya kwenda nchi nyingi za dunia ilipanda kutoka senti 84 hadi senti 90. Nyongeza hiyo ilikuwa ndogo, na kila aliyenunua stempu aliiona. Jambo zito lilikuwa katika mistari iliyofutwa kabisa kwenye orodha ya huduma. Kuanzia asubuhi hiyo, mtu wa kawaida aliyefika dirishani na mzigo wa kwenda nje hakuweza tena kuchagua kati ya ndege na meli, kwa sababu meli ilikuwa imeondolewa. Barua za meli, vifurushi vya meli na magunia ya vitabu ya meli, vyote vilikwenda kwa siku moja. Maelezo rasmi yalikuwa kwamba huduma za nje zilikuwa nyingi mno na zilihitaji kurahisishwa. Karibu miaka 20 imepita na njia hiyo haijarudi. Waliopoteza zaidi ni wasomaji wa mbali ambao hawajawahi kusimama kwenye foleni ya posta yoyote ya Marekani, wakiwamo wa kwetu Afrika Mashariki.

Ili kupima kilichopotea, yafaa kulitazama gunia lenyewe. Liliitwa mfuko wa M. Lilikuwa gunia la turubai la posta, na lilikuwa la karatasi zilizochapwa, yaani vitabu, majarida na magazeti, vyote kwa anwani moja. Mtumaji alipanga vitabu kwenye maboksi, akaandika anwani juu ya boksi, akajaza fomu ya forodha, kisha lebo yenye jina la mpokeaji ikafungwa kwenye shingo ya gunia. Uzito ulikomea kilo 30. Gunia lilipakiwa kwenye lori hadi bandarini, likaingia kwenye kontena, likabadilishiwa meli njiani, likateremshwa Mombasa au Dar es Salaam, likapita forodha, na mwishowe mwenye sanduku la posta akakuta karatasi ya kuitwa kwenda kuchukua mzigo. Safari ilichukua wiki kadhaa, na mara nyingi miezi miwili mitatu. Kwa vitabu, muda huo hauna madhara yoyote: kamusi haiozi, na atlasi haichachi kwa kukaa baharini. Malipo yake yalikuwa sehemu ndogo tu ya malipo ya ndege. Mfuko wa M wa ndege ulibakizwa, lakini una kiwango cha chini cha paundi 11, takriban kilo tano, ambacho mtumaji hukilipia hata kama alichonacho ni vitabu vitatu.

Waliotumia gunia hilo hawakuwa wafanyabiashara wakubwa. Walikuwa wanafunzi wa Kitanzania, Kikenya na Kiganda waliomaliza shahada zao Marekani na kutaka kurudi nyumbani na maktaba zao, vitabu vya uhandisi, sheria au tiba ambavyo chuo cha kwao kisingeweza kuvinunua upya. Walikuwa walimu wa kujitolea wa Peace Corps walioandika kwa jamaa zao wakiomba vitabu vya hadithi kwa shule ya sekondari ya kata. Yalikuwa makanisa, misikiti, vyama vya walimu wastaafu na maktaba ndogo zilizokuwa na rafu za ziada. Mwaka huohuo wa 2007, mwandishi wa Marekani Masha Hamilton alitoa riwaya iliyotokana na maktaba ya ngamia ya Garissa, ile iliyoanzishwa na Huduma ya Maktaba ya Taifa ya Kenya mwaka 1996, ambayo ngamia wake hubeba masanduku ya vitabu na hema la kusomea hadi kwenye makazi ya wafugaji. Aliwahimiza waandishi wenzake na wasomaji wake wapeleke vitabu Garissa kwa posta. Hamasa ya watu ilikuwa inapanda wakati uleule ambapo njia yao nafuu ilikuwa inafungwa, na anayejua bei ya kupeleka kilo kumi za karatasi kwa ndege anajua kwamba mara nyingi stempu hugharimu zaidi ya vitabu vyenyewe.

Hoja yangu ni kwamba posta ya umma ina wajibu wa kumwachia mtu uhuru wa kwenda polepole kwa bei nafuu, hasa pale anachotuma ni kitabu. Kumlazimisha alipie mwendo wa ndege asiouhitaji ni kumfungia njia, hata kama orodha ya bei haitamki neno lolote la kukataza. Orodha ya viwango vya posta husomwa kama karatasi ya hesabu, lakini kila mstari wake ni uamuzi wa kisiasa juu ya nani awasiliane na nani, kwa kitu gani, na kwa gharama ya nani. Serikali zimelijua hilo kwa muda mrefu. Marekani yenyewe ilijua mapema kuliko nyingi: sheria ya posta iliyosainiwa na George Washington mwezi Februari 1792 iliruhusu gazeti lisafiri maili 100 kwa senti moja, na zaidi ya hapo kwa senti moja na nusu, wakati barua ya karatasi moja ililipiwa kati ya senti 6 na senti 25 kulingana na umbali. Waliotunga sheria hiyo waliamua kwamba habari lazima zimfikie mkulima wa mpakani, na wakakubali kwamba bei ya gazeti isifuate gharama ya kulibeba.

Kwa vitabu, uamuzi wa namna hiyo ulikuja baadaye. Tarehe 1 Novemba 1938, kwa agizo la Rais Franklin D. Roosevelt, kitabu kilianza kusafiri popote ndani ya nchi hiyo kwa senti moja na nusu kwa paundi, bila kujali umbali. Kabla ya hapo, msomaji wa kijijini alilipa zaidi kadiri alivyokaa mbali na wachapishaji wa New York. Daraja hilo la vitabu lipo mpaka leo kwa jina la Media Mail. Ni la polepole, na bei yake hupanda mara kwa mara, ila kanuni yake haijaguswa: kitabu hulipiwa kwa uzito, na umbali hauulizwi. Bunge la Marekani limepitisha mageuzi makubwa ya posta mara kadhaa tangu wakati huo, likiwamo lile la 1970 lililoigeuza idara ya serikali kuwa shirika linalojitegemea kwa mapato, na katika yote hayo daraja la vitabu lilisalia.

Sasa tazama ramani. Kisiwa cha Guam, katika Pasifiki ya magharibi, kimekuwa chini ya Marekani tangu 1898. Kutoka New York hadi Guam ni takriban kilomita 12,800 kwa mstari ulionyooka. Kutoka New York hadi Mombasa ni takriban kilomita 12,300, na hadi Dar es Salaam takriban 12,500. Miji yetu yote miwili iko karibu zaidi na New York kuliko Guam. Guam iko nje ya eneo la forodha la Marekani, kiasi kwamba kifurushi cha kwenda huko huhitaji fomu ya forodha kama cha kwenda nchi ya kigeni. Hata hivyo, mtu wa New York akitaka kupeleka boksi la vitabu Guam, atalipa kiwango kilekile cha Media Mail anacholipa jirani yake anayepeleka vitabu Chicago. Boksi litavuka bara kwa lori au treni, litapanda meli kwenye pwani ya magharibi, na litafika baada ya wiki nyingi. Akitaka kupeleka boksi hilohilo Mombasa, ambako ni karibu zaidi na ambako meli za kontena hutia nanga kila wiki, ataambiwa njia pekee ni ndege. Umbali, forodha na bahari havitoshi kueleza tofauti hiyo, kwa kuwa Guam nayo inavyo vyote. Kinachobaki ni kwamba msomaji wa Guam amehesabiwa ndani ya wajibu wa posta na wa Mombasa amewekwa nje.

Wapo watakaojibu kwamba hilo ndilo jukumu la posta ya taifa: kuhudumia taifa lake. Jibu hilo lingekuwa na nguvu kama posta za dunia zingekuwa zinafanya kazi kila moja kivyake. Mkataba wa Bern, uliosainiwa tarehe 9 Oktoba 1874 na kuuzaa Umoja wa Posta Duniani, ulianza kwa kutamka kwamba nchi wanachama zinaunda eneo moja la posta kwa ajili ya kubadilishana barua. Marekani ilikuwa miongoni mwa nchi zilizousaini. Kwa karibu karne nzima kila posta ilibaki na fedha za stempu ilizouza na kusambaza barua za wageni bila malipo, kwa imani kwamba kila barua huzaa jibu. Mkutano wa Tokyo wa 1969 ulileta utaratibu wa posta inayotuma kuilipa ile inayosambaza, kwa sababu mizigo ilikuwa imeacha kulingana. Kwa hiyo gharama za Posta Kenya au Shirika la Posta Tanzania kulifikisha gunia la Mmarekani hazikuachwa hewani. Upo utaratibu wa kuzilipa, na mifuko ya M ina kiwango chake ndani ya utaratibu huo. Mtumaji wa kitabu hakuwa akiomba sadaka kwa yeyote. Alikuwa akiomba njia iliyokuwa imekwisha kujengwa.

Pingamizi kubwa zaidi ni la kiasi cha mzigo, nami sitaki kulipita juu juu. Ni kweli kwamba posta ya meli ilikuwa imepungua sana kufikia 2007. Ndege zilikuwa nyingi, watu walikuwa na haraka, na mizigo ya meli ilikuwa ikikaa kwenye maghala ikingoja kontena lijae. Kuendesha njia mbili sambamba, kila moja na wafanyakazi wake, karatasi zake na mikataba yake ya usafirishaji, ni gharama halisi. Isitoshe, miezi mitano tu kabla ya mabadiliko hayo, tarehe 20 Desemba 2006, sheria mpya ya posta ilikuwa imesainiwa, ikizigawa huduma katika makundi mawili: zile ambazo posta inazitawala sokoni, na zile zinazoshindana na kampuni binafsi na ambazo lazima zijilipie zenyewe. Chini ya utawala wa namna hiyo, meneja anayeona mstari mdogo wenye faida ndogo ataufuta. Simlaumu meneja kwa kusoma sheria aliyopewa.

Lakini meli haikufutwa kwa sababu usafiri wa polepole ulikuwa umepitwa na wakati. Huduma ya polepole ilibaki kwa wateja wa jumla. Ipo huduma iitwayo ISAL ambayo hupeleka mizigo ya jumla kwa ndege hadi nchi inayokusudiwa, na kutoka hapo kuiingiza katika njia ya kawaida ya ardhini, kwa bei ya chini kuliko posta kamili ya ndege. Mwenye kampuni ya majarida au mnada wa vitabu anayefikisha uzito wa chini unaotakiwa, ambao ni paundi 50 kwa shehena moja, hupata unafuu huo. Mwalimu mstaafu mwenye boksi moja hapati. Hapo ndipo dai la kwamba hapakuwa na njia linaposhindwa kusimama. Njia ya kati, iliyo nafuu kuliko ndege kamili, iliwezekana kiufundi na kibiashara. Ofisi ya posta ingeweza kukusanya maboksi ya watu kumi, ishirini au mia moja hadi yafikie uzito wa jumla, kisha kuyapeleka kwa utaratibu uleule. Kukusanya mizigo midogo ya watu wengi na kuifanya shehena moja ndiyo kazi ya asili ya posta tangu ilipoanza, na ndiyo sababu watu hawatumi mjumbe kila mmoja kwa barua yake.

Wengine husema intaneti imemaliza mjadala huu: anayetaka kitabu akipakue. Hapa orodha ya viwango yenyewe inatoa ushahidi wa kushangaza. Mwezi Januari 2013 Posta ya Marekani ilitoa stempu moja ya kimataifa kwa dola 1.10, inayopeleka barua nyepesi nchi yoyote duniani kwa bei moja, iwe Toronto au Tabora. Bei yake imekuwa ikipanda na mwezi Julai 2025 ilifika dola 1.70, yaani nyongeza ya zaidi ya nusu ya bei ya mwanzo, ila kanuni ya bei moja kwa dunia nzima imebaki. Barua nyepesi ndiyo kitu ambacho simu na intaneti vimekichukua kweli. Salamu, picha za harusi, taarifa za msiba, hata nyaraka za ofisi, vyote siku hizi hupita WhatsApp au barua pepe kwa senti chache. Kitabu kizito hakijachukuliwa hivyo. Vitabu vingi vya kiada na vya kitaaluma vina haki miliki na havipatikani bure kihalali. Vile vinavyouzwa kidijitali huhitaji kadi ya benki, kifaa na umeme. Shule yenye wanafunzi 60 darasani na simu moja ya mwalimu haisomi riwaya kwa kupakua. Basi posta imelinda kwa bei moja ya dunia kitu ambacho watu wameshapata njia nyingine ya kukituma, na imekiacha kile ambacho bado kinahitaji kubebwa.

Jibu jingine linalotolewa ni kwamba pengo lilizibwa na watu wenyewe. Shirika la Books For Africa la Minnesota, lililoanzishwa mwaka 1988, hutuma kontena zima zima za vitabu barani Afrika kwa meli. Waswahili wa Minneapolis, Houston au Columbus hutumia mawakala wanaokusanya mapipa na maboksi na kuyaweka kwenye kontena la kwenda Mombasa au Dar es Salaam. Kazi hizo zote ni za heshima na zimesaidia wengi. Hata hivyo kontena linahitaji mpokeaji mwenye uwezo wa kulitoa bandarini, kulilipia wakala wa forodha, kulitafutia ghala na kusambaza kilichomo. Wizara au chuo kikuu kinaweza; shule ya msingi ya Kasulu haiwezi. Pipa la wakala linahitaji mtumaji aishi karibu na mji wenye Waafrika Mashariki wengi, na huishia mji mkubwa, ambako ndugu lazima aje kulichukua. Posta ndiyo taasisi pekee iliyo na dirisha katika mji mdogo wa Nebraska na dirisha jingine Namanga, na inayokubali mzigo wa mtu mmoja kwenda kwa mtu mmoja. Kontena na pipa vinafanya kazi nyingine.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi linatoka kwetu. Wachapishaji wa Afrika Mashariki wamelalamika kwa muda mrefu kwamba vitabu vya msaada kutoka nje huua soko la ndani: maktaba ikijaa vitabu vya bure vya watoto wa Ohio, haitanunua hadithi iliyoandikwa kwa Kiswahili na kuchapwa Dar es Salaam. Lalamiko hilo ni la haki, na ushahidi wake uko kwenye rafu za shule nyingi, ambako utakuta vitabu vya historia ya majimbo ya Marekani visivyoguswa na mtu. Lakini tuangalie ni njia ipi huleta mafuriko hayo. Kontena hujazwa kwa kile kilichopo: mabaki ya maghala, matoleo ya zamani, vitabu ambavyo wilaya za shule zimevitupa. Gunia la kilo 30 lililolipiwa na mtu mmoja kwa anwani moja kwa kawaida hubeba kilichoombwa, kwa sababu anayelipa stempu kutoka mfukoni mwake hatumi takataka, na anayepokea ameshamwandikia anachotaka. Kuifuta posta ya meli hakukupunguza vitabu vya msaada vinavyoingia. Kulipunguza vile vilivyochaguliwa na kuacha uwanja kwa vile vilivyorundikwa.

Na mchapishaji wetu naye ameumizwa na bei ya posta, kwa upande wa pili. Mwaka 1985 kundi la wachapishaji wa Kiafrika lilianzisha African Books Collective, yenye makao Oxford, ili vitabu vyao viwafikie wasomaji na maktaba za Ulaya na Marekani. Walter Bgoya, ambaye baadaye alianzisha Mkuki na Nyota jijini Dar es Salaam mwaka 1991, alikuwa mmoja wa waasisi wake. Sababu mojawapo ya kuhitaji chombo kama hicho ni kwamba kitabu kimoja kinachoagizwa na mwalimu wa Kiswahili wa Wisconsin hakiwezi kutoka Dar es Salaam bila stempu kuzidi bei iliyo kwenye jalada. Leo vitabu vingi vya mkusanyiko huo huchapwa kwa oda karibu na mnunuzi. Ni suluhisho la akili na limeokoa majina mengi yasipotee. Ila linamaanisha pia kwamba kazi ya uchapaji, wino, karatasi na ujira wa mfunga vitabu, imehama kutoka kwetu kwenda huko, kwa sababu njia ya kupeleka kitabu chenyewe ni ghali.

Yeyote anayedhani meli za posta ni habari ya kale akumbuke mwaka 2020. Mwezi Aprili mwaka huo, ndege za abiria zilipolala viwanjani kwa sababu ya korona, Posta ya Japani ilisimamisha vifurushi vya ndege vya kwenda Marekani kwa kukosa nafasi ya kuvipakia. Iliendelea kupokea vifurushi vya meli, kwa kuwa haikuwa imeifuta huduma hiyo, na mtu wa Osaka mwenye mtoto California alikuwa na njia. Katika majira hayohayo Posta ya Marekani yenyewe ililazimika kupeleka sehemu ya mizigo yake ya Ulaya kwa meli kutoka pwani yake ya mashariki, kwa kupanga upya jambo ililokuwa imelivunja miaka 13 nyuma. Uingereza na Kanada nazo zilibaki na madaraja ya polepole ya kwenda nje baada ya Marekani kuyaacha. Uamuzi wa 2007 ungeweza kuwa tofauti, na nchi zenye uchumi mdogo kuliko wa Marekani zilithibitisha hivyo kwa vitendo.

Kielelezo cha kanuni ninayoitetea kipo pia ndani ya mikataba ya posta. Vitabu vya nukta nundu na vifaa vingine vya wasioona husafiri kimataifa bila ada ya posta, isipokuwa nyongeza ya ndege inapotozwa. Hakuna anayeuliza kama msomaji asiyeona wa Iringa anajilipia. Dunia ilikubaliana kwamba maarifa yake yabebwe na wote. Vilevile Mkataba wa Florence wa 1950, chini ya UNESCO, uliondoa ushuru wa forodha kwa vitabu vinavyovuka mipaka, na Tanzania, Kenya na Uganda zimo. Serikali ziliubomoa ukuta wa forodha, kisha posta zikauinua ukuta wa stempu pembeni yake. Na kwa haki, sisi wenyewe hatuna mikono misafi: mwaka 2013 Kenya iliweka VAT ya asilimia 16 juu ya vitabu, licha ya wachapishaji na wauzaji kupinga, na mzazi wa Kenya akalipa.

Kinachowezekana sasa ni cha kawaida kabisa. Posta ya Marekani inaweza kufungua tena daraja la vitabu la kwenda nje, lisilo na ahadi ya siku, lisilo na bima kubwa, linalokusanya maboksi katika vituo vyake vya kimataifa hadi yajae kontena au yafikie shehena ya ISAL, kwa bei inayorudisha gharama ya meli bila kulenga faida. Sheria ya 2006 inataka huduma zijilipie. Haikatazi huduma za polepole, kwa kuwa ISAL yenyewe ipo chini ya sheria hiyo. Tume inayosimamia posta huko hupokea maoni ya umma kila viwango vinapobadilishwa, na Waafrika Mashariki wenye uraia au makazi ya kudumu Marekani wana haki ya kuandika, pamoja na maktaba na vyuo vinavyofundisha Kiswahili.

Upande wetu nao una la kufanya bila kungoja Washington. Kabla Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza haijavunjika mwaka 1977, nchi zetu tatu zilikuwa na shirika moja la posta na simu, na stempu moja yenye majina ya Kenya, Uganda na Tanzania ilitumika katika zote. Leo kitabu cha Kiswahili kilichochapwa Nairobi kikitumwa Mwanza ni mzigo wa nchi za nje, na hulipiwa hivyo, ingawa kinapita barabara ileile inayopitwa na mabasi ya kila siku. Umoja wa Posta Afrika una makao yake Arusha, katika jengo lililozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 2 Septemba 2023, mji huohuo yalipo makao ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya sasa. Mashirika ya posta ya nchi wanachama yanaweza kukubaliana hapo juu ya daraja moja la vitabu la kikanda: bei kwa uzito, bila kujali mpaka, kwa lori linalotoka Dar es Salaam kupitia Arusha na Nairobi hadi Kampala, Kigali na Bujumbura, na lingine la kurudi. Wachapishaji wa Nairobi na Dar es Salaam wangekuwa wateja wake wa kwanza, na idadi ya maboksi wanayosafirisha sasa kwa mabasi ingetosha kuonyesha kama lori hilo litajaa mara moja kwa wiki au mara mbili.